Kichanja cha Wageni

Samburu, Kinango
Jumanne, 22 Oktoba 2024

Kwa Bi Mwanapili, mwenyekiti wa kina mama wa Hifadhi ya Mikoko, Vungwini, Msambweni

Hujambo, dada.

Mimi ni Kahaso, mamake Jumwa. Hatujaonana, lakini sauti yako ninaijua. Ni wewe uliyenipigia simu ile Jumapili asubuhi ukaniuliza, "Wewe ndiye mama Jumwa?" nami nikajua. Tangu siku hiyo simu siishiki. Ikilia ninaifunika kwa mto. Ndiyo maana ninakuandikia, na barua nimempa Kahindi, anayeteremsha mbuzi kwa wachinjaji wa Ukunda na Msambweni kila Jumanne. Hurudi Alhamisi. Ukitaka kunijibu, mpe yeye. Mwandiko huu alinifundisha Jumwa mwenyewe, mwaka ule alioajiriwa kufundisha chekechea. Alisema ni aibu awafundishe watoto wa watu ilhali mamake anatia dole gumba.

Sikuandikii kugombana. Mwanangu alikuja kwenu kutazama kwanza, ili kabla ya shule kufungwa awalete watoto wake thelathini na wawili waione mikoko na kaa. Alinunua daftari jipya kwa kazi hiyo. Leo ni siku ya kumi na saba na mwili haujaonekana. Wazee wa ukoo wamekaa, wamesema tumzike kwa kitu alichokivaa siku ya mwisho, mji usikae na kilio kisichokwisha. Nguo alikwenda nazo majini. Mkoba wake polisi wametupa, una daftari, simu iliyokufa chaji na leso ya kukalia, lakini leso hiyo hakuivaa.

Kimebaki kitu kimoja, akala zake. Mlinzi wenu aliwaambia polisi alizivua mlangoni na kuziweka kwenye kichanja, kama ilivyo desturi yenu. Mume wangu Thoya ndiye aliyezikata, kwa mpira wa lori, hapa kando ya barabara kuu anapofanyia kazi. Nakuomba uzitafute. Sitaki kingine kwenu.

Wako,
Kahaso wa Thoya

*

Vungwini, Msambweni
Alhamisi, 24 Oktoba 2024

Kwa Mama Jumwa

Assalaam alaikum, na pole isiyo na kipimo. Barua yako Kahindi aliniletea mpaka jikoni, mbuzi wakilia nyuma ya lori. Niliisoma nimesimama.

Sijui nikuambie nini dada yangu. Sisi sote hapa hatuli tukashiba. Hifadhi imefungwa, mlango tumeutia mnyororo. Kina mama wavua kaa walizunguka na mitumbwi siku nane, mpaka upande wa Gazi. Siku ya Jumamosi ile mimi nilikuwa jikoni tangu asubuhi, maana hoteli moja ya Diani ilikuwa imeagiza chakula cha watu tisa. Mwanao sikumwona uso. Nilisikia kicheko chake tu kutoka mlangoni, na nikajiuliza ni nani huyu mwenye furaha hivi.

Kuhusu akala, tumetafuta. Tumepekua banda, kichanja na kitalu cha miche, hatukuona kitu. Maji yalikuwa ya bamvua, huenda yalipanda mpaka kichanjani yakazichukua. Bahari ikichukua haiulizwi.

Nimempa Kahindi chupa ya asali ya nyuki wetu wa mikokoni. Si kitu, ni kushikana mkono tu. Mungu akupe subira.

Ndugu yako katika msiba,
Mwanapili

*

Mahabusu
Jumatano, 30 Oktoba 2024

Shikamoo mama mkubwa.

Sabuni na kanzu nimepata, mdogo wangu Yusra alizifikisha. Mwambie shukrani. Nalala vizuri kiasi, usijisumbue kuuliza.

Ninaipitia siku ile kila saa mpaka wenzangu wanasema ninaongea peke yangu. Ngoja niipitie nawe, labda utaona nilipokosea. Yule mwalimu alifika saa nane mchana, akala miguuni, daftari mkononi, na maswali kama mkaguzi. Matope yanamfika wapi mtoto wa miaka mitano? Mbao hii mbona inacheza? Alichukua kijiti akapima maji chini ya zile mbao za mlangoni, akaandika. Kisha akaniuliza, "Nikiwaleta wote thelathini na wawili, mtajuaje kwamba wote wametoka?" Nikamwonyesha kichanja. Nikamwambia, "Mwalimu, hapa hatuhesabu vichwa, vichwa vinazurura. Tunahesabu viatu. Kiatu kikibaki, mtu kabaki." Akacheka sana, akasema hiyo atawafundisha watoto wake. Akavua akala akazipanga mwenyewe, visigino ukutani.

Saa kumi wakaja wale tisa wa hotelini. Yeye akaniambia niende nao tu, ataketi jukwaani mwisho wa daraja achore. Saa kumi na moja na nusu wageni wakatoka, wakavaa viatu vyao, wakaenda. Nikatazama kichanja, kitupu. Kitupu, mama mkubwa! Nikasema mwalimu ameondoka nilipokuwa na Wazungu, na nikasikitika kidogo kwamba hakuniaga. Nikazing'oa mbao nne za mwanzo za daraja kama kila jioni, wezi wa mikoko wasiingie. Nikafunga, nikaenda kuswali.

Polisi wanasema ninadanganya. Kama alizivua, ningeziona. Kama sikuziona, basi sikuhesabu, nilitaka kuwahi nyumbani. Kesi imepangwa tarehe 28 Novemba. Wakili anasema akala hizo zikipatikana mahali popote nje ya kichanja, itajulikana kwamba kuna mtu aliziondoa na mimi nilihesabu kweli. Zisipopatikana, mimi ni mzembe aliyeua.

Sasa ninaanza kujishuku. Labda zilikuwapo. Je, mtu anaweza kukitazama kitu asikione? Wewe ndiwe uliyenilea tangu mama alipofariki, unajua kama mimi ni mtu wa hivyo. Tafuta tena, tafadhali. Tafuta hata pasipoingia akilini.

Mwanao,
Nassir

*

Vungwini
Jumatatu, 4 Novemba 2024

Marahaba, mwanangu Nassir.

Tumetafuta, hatukuona. Usijishuku, wewe si mzembe na kila mtu hapa anajua. Kula wanachokupa hata kama hakina chumvi. Shikamana na swala. Subira yavuta heri, na Mola hamtupi mja wake.

Kina mama wanakusalimu. Nami sijambo, ila usingizi ndio umenikimbia.

Mama yako,
Mwanapili

*

Samburu
Jumanne, 12 Novemba 2024

Bi Mwanapili

Nimesoma barua yako mara nyingi. Asali ipo juu ya kabati, haijafunguliwa. Sijui kwa nini siwezi kuifungua.

Nimelisoma daftari. Nilikuwa ninaliogopa, lakini wiki iliyopita watoto wake walikuja kunisalimu na mkuu wao, wakaniuliza mwalimu alikuwa amewaandikia nini. Nikawasomea. Ukurasa wa kwanza ni majina ya mikoko, mkaka, mchu, msindi, na michoro ya mizizi yake. Wa pili ni orodha ya vya kubeba. Wa tatu ameandika: "Mlangoni, chini ya mbao, maji hadi magotini. Watoto nitawashika mkono." Hapo nikaacha kusoma. Watoto walifikiri nimesahau herufi, wakaanza kunisaidia.

Wewe ni mtu wa pwani, utanielewa. Kwetu huku maji ya lambo hayapandi bila mvua. Yakiwa magotini saa nane, saa kumi na mbili yako magotini. Mwanangu aliporudi akakuta mbao hazipo, aliamini alichokipima kwa mkono wake. Alitundika mkoba kwenye nguzo usilowe, akashuka. Ninajua alivyoshuka. Alipandisha sketi kwanza. Na kabla ya hapo aliita, kwa sauti ya darasani, sauti inayofika mpaka barabarani, na mlinzi wenu alikuwa ameshaenda zake. Ninataka aozee jela. Ninasali kwa jambo hilo, Mungu anisamehe.

Thoya hakati tena. Malori yanasimama, madereva wanataka akala, anawatazama tu. Kitu pekee anachosema ni hiki: "Gidamu ya kushoto niliipitisha mara mbili." Jumwa alikuwa na kidole kilichovunjika utotoni, kikatoka upande, na babake alimkatia akala za peke yake, mkanda huo wa kidoleni usimuumize. Mtu yeyote akiziona mara moja hawezi kuzifananisha na nyingine.

Sasa nikuulize. Unasema maji yalizichukua. Nimemuuliza Kahindi, ambaye ameshuka pale kwenu na kukiona kichanja. Anasema kiko juu ya mwamba, kifuani pa mtu mzima, na mchwa wamejenga mguuni pake. Maji hayo yalipandaje? Na kama si maji, ni mtu. Nani aibe akala? Umewahi kuona mwizi wa akala duniani?

Njia ya mwongo ni fupi. Mimi sisemi ni wewe. Ninakuomba uniapie tu. Niapie kwa huyo Mwenyezi Mungu unayemsujudia mara tano kwa siku kwamba akala za mwanangu hukuziona kwa macho yako. Ukiniapia sitakuandikia tena, nitazika leso.

Kahaso

*

Mahabusu
Jumanne, 19 Novemba 2024

Shikamoo mama mkubwa.

Barua zako zimekuwa fupi. Yusra anasema umekonda, na kwamba ukiona lori la mbuzi linakuja unaingia ndani. Usijiue kwa ajili yangu.

Nimeamua. Tarehe 28 nikiulizwa, nitakiri. Nitasema sikuhesabu. Wakili hataki, lakini kuna mzee humu aliyepita mahakamani mara nyingi, ananiambia ukikiri hakimu hukupunguzia, ukibisha huna ushahidi hukukomoa. Na si hilo tu. Nimechoka kukitazama kichanja kile kichwani mwangu. Nikifumba macho, mara kitupu, mara akala zipo, zimepangwa visigino ukutani. Siku hizi zipo zaidi. Basi huenda zilikuwapo kweli. Afadhali niseme hivyo, mamake mwalimu apate mtu wa kumchukia na moyo wake utulie.

Mtakapofungua tena, msizing'oe zile mbao. Waache wezi wakate.

Mwanao,
Nassir

*

Vungwini
Jumanne, 26 Novemba 2024

Kwa Mama Jumwa

Wiki mbili sikukujibu kwa sababu uliniambia niape, na siwezi. Nimeswali na ulimi huu huu nikidanganya, lakini kumtaja Yeye juu ya uongo nimeshindwa.

Kifurushi alichokuletea Kahindi pamoja na barua hii ni akala za mwanao. Usikifungue mbele ya Thoya kabla hujanisoma mpaka mwisho.

Jumamosi ile, saa kumi na moja kasorobo, nilitoka jikoni kufagia mbele ya banda, nataka wale wageni wa hotelini wakitoka wapakute pasafi wapige picha. Kichanjani palikuwa na viatu vyao, raba nyeupe za watu tisa, na mwishoni akala. Nilizitazama. Sikujiuliza ni za nani. Nilijua, au nilidhani ninajua. Akala hapa huvaliwa na vibarua wa kitalu na wakata kuni. Mgeni haji na akala. Nikasema moyoni, hawa watu kila siku ninawaambia vyao viwekwe nyuma, watatuaibisha. Nikaziokota kwa vidole viwili, hivi, kama mtu anayeokota panya, nikazitupa nyuma ya jiko kwenye rundo la vibarua. Nikarudi kuosha vyombo. Haikuchukua muda wa kukuna nazi moja.

Hilo ndilo lililomuua mwanao. Si Nassir. Nassir alihesabu.

Kilio chake sikukisikia. Saa kumi na mbili nilikuwa nimeshafika nyumbani, ninapakua chakula.

Jumapili alfajiri Nassir alikuja anakimbia, mkoba mkononi, akasema, "Mama mkubwa, yule mwalimu mwenye akala." Nilizunguka nyuma ya jiko kabla ya mtu yeyote, nikazikuta juu ya rundo, mpya, gidamu ya kushoto imepita mara mbili. Hapo ningeweza kusema. Neno moja tu. Nikafikiri kuhusu kina mama thelathini wanaokula kwa hifadhi hii. Hapana, huo nao ni uongo mwingine. Niliwafikiria baadaye. Kwanza nilifikiri kuhusu mimi, nikazitia kwenye kikapu na kuzifunika kwa majani ya mgomba. Kisha nikakupigia simu. Nilipokuuliza "Wewe ndiye mama Jumwa?" kikapu kilikuwa kati ya miguu yangu.

Siku ya tatu nilijaribu kuzichoma. Nakuambia hili kwa sababu utaliona mwenyewe. Nilianza na ya kulia. Mpira ukatoa moshi mweusi mpaka jirani yangu Twaiba akaja mlangoni kuuliza nachoma nini, nikamwambia chupa za plastiki. Nikaitoa kwa koleo. Gidamu iliungua, soli ikabaki. Tangu hapo ziko chini ya kitanda changu, na harufu yake haitoki. Nimefukiza udi, nimefukiza ubani. La kuvunda halina ubani, tunaambiwa tangu utotoni, nami nimelijua uzeeni.

Kisha mwanangu Nassir, niliyemlea kwa mikono hii, akaniandikia nitafute pasipoingia akilini. Nikamjibu asubiri. Wiki iliyopita ameniambia atakiri kosa, kwamba ameanza kuziona akala kichanjani. Nimemtia wazimu mtoto wa mdogo wangu ili mimi nionekane mtu mwema.

Kesho asubuhi ninakwenda polisi Msambweni, na Twaiba atanisindikiza kwa sababu ameuona moshi. Ningepaswa kuwapelekea akala hizi kwanza. Lakini nikiwapa zitafungiwa kabatini na kupachikwa namba, na wewe utangoja miaka. Nimezipiga picha na Twaiba kaziona. Wakizitaka watakuja kwenu, nawe utaamua.

Sikuombi msamaha. Nimelifikiria hilo sana na nimeona sina uso wa kuomba. Nilikutana na mwanao mara moja tu, kwa viatu vyake, na nilichokiona ni mtu asiyestahili kuwa mgeni wangu.

Mwanapili binti Chirau

*

Samburu
Jumanne, 10 Desemba 2024

Mwanapili

Sijui barua hii itakukuta wapi. Kahindi ameniambia umewekwa ndani na kijana ametoka. Nimemwambia aipeleke Vungwini, watajua pa kuifikisha.

Nilikusoma mpaka mwisho kama ulivyotaka, nyuma ya nyumba, peke yangu. Kisha nikakifungua mbele ya Thoya, kwa sababu katika nyumba hii hatufichani. Alizishika moja moja. Ile ya kushoto aliipitisha kidole ndani ya gidamu, mahali pa kile kidole cha upande. Ya kulia aliinusa. Alikwenda kibandani kwake, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba nikasikia kisu kinakata mpira.

Polisi walikuja, vijana wawili wa adabu. Wakapiga picha na kuandika, wakatuachia. Juzi Jumapili tulimzika. Shimo lilikuwa la urefu wa mtu mzima, wazee hawakukubali dogo. Watoto wake wa chekechea walikuja wote. Mmoja aliniuliza mbona mwalimu ni kiatu, nikamwambia hata mimi ninashangaa.

Uliandika kwamba huombi msamaha. Vyema, maana sina. Ningekuwa nao ningekupa upungukiwe mzigo na mimi nipungukiwe. Hakuna. Nikikufikiria jela sifurahi nilivyodhani nitafurahi nilipomfikiria huyo kijana. Yeye nimemwombea laana kwa wiki nne, asubuhi na jioni, na alikuwa hana kosa. Sijui laana za watu wasio na kosa hurudi wapi. Mwambie hivyo.

Kinachoniuma si kwamba ulikosea. Watu hukosea. Akala zile Thoya alizikata kwa siku mbili, akazipaka mafuta, kwa sababu binti yake alikuwa anakwenda kutembea pwani. Zilikuwa viatu vyake vya kutokea.

Tumezika ya kushoto peke yake. Ya kulia Thoya ameitia gidamu mpya, ameipiga misumari, ameisugua masizi mpaka yakatoka. Kahindi ameibeba pamoja na barua hii. Asali yako pia anairudisha. Maneno haya ni ya mume wangu, mimi ninayaandika tu: iwekwe kwenye kichanja cha wageni, mahali alipoiweka yeye, kisigino ukutani, na isiondolewe. Kila jioni wahesabu. Kila jioni itabaki moja.

Kahaso wa Thoya

*

Vungwini
Jumatatu, 16 Desemba 2024

Mama mkubwa

Barua ya mama Jumwa nimekutilia ndani ya hii. Niliisoma, unisamehe, ilikuwa wazi.

Shikamoo sikuanza nayo na umeona. Nimeketi na kalamu jioni nzima na haikutoka. Siku hamsini na mbili nilikuwa ndani. Uliniandikia nisubiri. Subira gani hiyo, na akala ziko chini ya kitanda chako? Nilikuuliza kama mtu anaweza kukitazama kitu asikione, na ulijua jibu, ukaniambia nile hata kama chakula hakina chumvi. Nilikaribia kuamini kwamba nimeua mtu. Bado kuna asubuhi ninaamka nikiamini.

Sabuni nimempa Yusra, na ile kanzu ya baridi. Ijumaa nitakuja mimi mwenyewe. Sijui tutasema nini. Nitakuja.

Kina mama walikuwa hawataki kufungua, lakini njaa haina adabu, tumefungua juzi. Akala nimeiweka ilipokuwa. Watu wanaiulizia. Mgeni mmoja kutoka Tiwi aliniambia kuna mtu amesahau kiatu, akataka kuishika anisaidie kuitoa. Nilimpigia kelele mpaka mkewe akaogopa.

Jana jioni walipotoka wote nilihesabu. Ikabaki moja. Nikajua ni ile, lakini miguu ilinipeleka yenyewe. Nikatembea daraja zima mpaka jukwaani, nikatazama kila upande, nikaita "Mwalimu" mara tatu. Nikarudi.

Mbao sikuzing'oa.

Nassir